Kisangani si Wagenia peke yake: mahali pa kwenda na kurudi siku moja



Kila mwaka wakati wa sherehe za diploma, wazazi wanatoka Bafwasende, Opienge na Bomili kuja kumwona mtoto amevaa toga. Sherehe ikiisha, swali ni lile lile: sasa tuwapeleke wapi? Jibu linajulikana: Wagenia. Mnapiga picha mbele ya miti mikubwa na mitego yake, mnakunywa soda moja, mnarudi nyumbani. Mgeni wa Kinshasa anafanyiwa vile vile. Asubuhi moja tu, na watu wanasema Kisangani tumeimaliza.

Kwa sababu nimeulizwa swali hilo mara nyingi, nimeamua kuandika jibu refu kidogo. Wagenia sina ubaya nayo. Lakini kuzunguka mji huu kuna mahali pengine ambapo wengi wetu tumepita pembeni miaka mitano au sita ya masomo bila kuingia. Tena mahali hapo panaeleza kwa nini mji upo, nani aliujenga, na sisi wa Bafwasende tunaingia wapi katika habari yake. Mtu akizitembea safari hizi, lile neno la mjini, "Kule kwenu kuko nini? Ni pori tu!", linamkaa vibaya mdomoni.

KWANZA: KWA NINI MJI UKO HAPA

Boti ikitoka Kinshasa inapanda mto karibu kilomita 1,700 bila kukutana na maporomoko ya kuizuia. Ikifika Kisangani inasimama. Juu yetu kuna maporomoko saba ya Boyoma, yamejipanga kwa kilomita kama 100 mpaka Ubundu, na Wagenia ni la mwisho kati ya hayo saba. Mzigo lazima ushushwe hapa. Na pale ambapo mzigo unashushwa, watu wanakaa, soko linafunguliwa, mji unazaliwa.

Waenya, hao tunaowaita Wagenia, walikuwa wakiishi kwa maji hayo kabla ya mgeni yeyote. Stanley alipita Januari 1877, akarudi mwaka 1883, na mwezi wa Desemba akaacha kituo kwenye kisiwa na Mskoti mmoja wa kukilinda, jina lake Binnie. Mwaka 1886 kituo kikashambuliwa na wafanyabiashara waliotoka pwani, Wazungu wakakimbia. Februari 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip akakubali kuwa gavana wa hapa kwa niaba ya Leopold. Huyo ndiye Hamed bin Muhammed aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu ambacho Mjerumani Heinrich Brode alikichapisha mwanzoni mwa karne ya 20.

Hapo tuseme wazi. Kiswahili ninachoandika sasa kilifika huku pamoja na watu wa Tippu Tip na wa Manyema, ndiyo maana wazee wanakiita Kingwana, lugha ya waungwana. Lakini kilifika pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa, na vijiji vya msitu, mpaka kwenye mito ya Aruwimi na Ituri, vililipa bei kubwa. Lugha ni yetu leo, hakuna wa kutunyang'anya. Njia iliyoileta tuijue tu, na mtoto akiuliza tumwambie.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi Wagenia, usiishie kwenye picha. Mwonyeshe kazi yenyewe. Miti mikubwa imesimikwa ndani ya mashimo ya mwamba, imefungwa kwa kamba za porini. Kwenye miti wananing'iniza mitego mirefu yenye umbo la pia, mdomo wazi ukitazama mkondo. Maji yenyewe ndiyo yanafanya kazi ya kusukuma samaki ndani, na nguvu yake inamzuia asigeuke kutoka. Hakuna chambo, hakuna mota. Ni hesabu ya maji iliyofanywa na watu wasiokwenda iniversite. Mkiwahi asubuhi mtaona wavuvi wakipanda kukagua mitego, badala ya kukuta miti mitupu na watoto wanaoomba pesa.

1. MAPOROMOKO YA TSHOPO (nusu siku, ndani ya mji)

Wengi wetu tunavuka daraja la Tshopo bila kugeuza shingo. Simama siku moja. Hapo ndipo umeme wa mji unatoka: kituo cha kuzalisha umeme kilijengwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Karibu yake iko bustani ya zamani ya wanyama, chini ya miti mikubwa, na kivuli chake peke yake kinatosha kwa familia yenye watoto.

Jambo moja tu: daraja na mitambo ya umeme usivipige picha bila kuomba ruhusa. Simu moja imewaharibia watu siku nzima mbele ya askari.

Ukiwa pale, angalia maji yanakwenda wapi. Tshopo inateremka kuungana na Lindi magharibi ya mji, na mara tu baada ya hapo Lindi inaingia mto Kongo. Weka hilo akilini, tutalirudia.

2. SAINT-GABRIEL NA SIMISIMI (nusu siku, upande wa magharibi)

Kufuata mto kwenda chini, unafika kwenye misioni ya Saint-Gabriel. Padri Mfaransa Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mtakatifu, aliifungua siku ya Noeli ya mwaka 1897. Yeye ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa huku. Wakatoliki wengi wa Tshopo, Ituri na Uele, ukifuata uzi wa imani yao nyuma, unakufikisha hapo. Kathedrali ya Notre-Dame du Rosaire pale mjini, ukingoni mwa mto, kila mtu anaijua. Mama yake ni hii misioni, na wachache sana wameiona.

Upande huo huo uko uwanja wa ndege wa zamani wa Simisimi. Leo ni uwanja mtulivu, lakini asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka hapo kutoka ndege za Marekani. Simba walikuwa wameushika mji tangu Agosti, na walikuwa wamezuia Wazungu mamia. Siku hiyo na siku zilizofuata walikufa wengi, Wakongo kuliko wote, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Wazee walioona kwa macho yao wamebaki wachache. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja, nenda naye Simisimi, kaa chini, acha aseme. Hakuna kiongozi wa watalii atakayekupa kile anachojua yeye.

3. MASAKO (kilomita 14, njia ya zamani ya Buta)

Wanafunzi wa sayansi wanapajua, sisi wengine hapana. Masako ni hifadhi ya msitu kwenye kijiji cha Batiabongena, ndani ya kona ambayo mto Tshopo unaizunguka, karibu hekta 2,100. Iniversite yetu imepeleka watafiti pale kwa miaka mingi: wa panya wa porini, wa popo, wa ndege, wa miti.

Kwa nini mtu wa Bafwasende, aliyezaliwa msituni, aende kutazama msitu? Kwa sababu pale unaona kitu ambacho nyumbani hatukioni, yaani msitu unavyobadilika kidogo kidogo ukiwa karibu na mji. Unaanza na mashamba, unaingia kwenye vichaka vya mashamba yaliyoachwa, halafu msitu mchanga, na mwisho limbali: ile miti mirefu inayokaa jamii moja, chini yake giza na majani makavu. Kwa mwendo wa saa mbili za miguu umepita miaka mingi. Halafu unasikia shoka na kuona njia za makala, unaelewa kwamba mji unakula kuni kila siku na kuni zinatoka mahali fulani. Bafwasende iko mbali kwa sasa. Lakini kilomita 14 zamani nazo zilikuwa mbali.

Chukua moto mpaka kijijini, jitambulishe kwa chifu, tafuta kijana wa huko wa kukuongoza na mpatane bei mapema. Vaa viatu vya kufunika mguu.

4. KISIWA CHA MBIYE (siku moja, kwa mtumbwi)

Kiko mtoni juu kidogo ya mji, na urefu wake ni kama kilomita 14. Watu wanaishi kule, wanalima na wanavua, na bado kuna msitu. Kwenda ni kwa mtumbwi, na mtumbwi ndio nusu ya uzuri wenyewe: unauona mji ukirudi nyuma, unaelewa kwa nini neno Kisangani wengi wanalieleza kama "kwenye kisiwa". Omba jile ya kuogelea hata kama watakucheka. Rudi kabla ya saa tisa alasiri, maana upepo wa mvua ukishuka juu ya mto mkubwa hauulizi umesoma wapi.

5. YAKUSU (siku moja, kwa mto au kwa barabara)

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Yakusu iko ng'ambo ile ile ya mji, kilomita kama 20 kwenda chini. Wamisionari Wabatisti wa Uingereza walifungua misioni pale miaka ya 1890, kati ya Walokele, watu wa mto. Mwaka 1920 akafika daktari Clement Chesterman. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji. Chesterman alijenga hospitali, lakini alitambua kwamba hospitali moja haiwezi kumfikia kila mgonjwa. Akafundisha vijana wa huku kazi ya uuguzi, akawapeleka kwenye zahanati ndogo ndogo vijijini, na ugonjwa ukarudi nyuma. Leo tukisema "afya ya jamii" tunadhani ni neno lililotoka Kinshasa na miradi. Lilianza kufanywa hapa, kilomita 20 kutoka Makiso, na waliolifanya kwa mikono yao ni wauguzi Wakongo.

Yakusu pia ndiko John Carrington alikoisoma lokole. Alifika Kongo mwaka 1938, akatoa kitabu chake kuhusu ngoma zinazosema mwaka 1949, na baadaye akafundisha katika iniversite yetu. Wengi tunadhani lokole ni kengele tu: ikilia, mkutano. Hapana. Lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mmoja mrefu, na midomo miwili ya ufa ina unene tofauti, mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Kilokele, kama lugha nyingi za kwetu, kinatofautisha maneno kwa sauti ya juu na ya chini. Ngoma inapiga sauti hizo peke yake, bila herufi.

Sasa tatizo: maneno mengi yana sauti sawa. Kwa Kilokele, "mwezi" na "kuku" vikipigwa kwenye ngoma havitofautiani. Mpigaji anafanyaje? Anaongeza sentensi. Hasemi mwezi tu, anasema mwezi ule unaoitazama dunia toka juu. Hasemi kuku tu, anamtaja pamoja na mlio wake. Ndiyo maana habari fupi kwa mdomo inakuwa ndefu kwa ngoma, na ndiyo maana msikilizaji wa kijiji cha pili hakosei. Wataalamu wa mawasiliano duniani wanautaja mfano huu mpaka leo, wanapoeleza jinsi ya kupeleka habari isipotee njiani.

Ukiwa Yakusu uliza kama bado kuna mzee anayeweza kupiga jina lako kwenye lokole. Mlipe vizuri. Rekodi kwa simu, na uandike tafsiri pale pale, maana sauti bila tafsiri ni kelele nzuri tu.

Ukienda kwa barabara, kuna mto wa kuvuka kabla ya kufika. Ni Lindi, ile ile inayopita Bafwasende. Maji unayoyavuka pale yamepita mbele ya nyumba zetu. Watoto waliozaliwa mjini waonyeshe, waambie: huu mto unatoka kwa babu.

6. YANGAMBI (kilomita 100 hivi, bora ulale)

Nimeiweka kwenye orodha ingawa siku moja ni kubanana. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ambayo leo ni INERA, na makao yake makubwa ya utafiti yakawa Yangambi. Ukifika utaona majengo ya zamani katikati ya miti na utadhani ni makumbusho. Lakini mambo mawili yaliyotoka pale bado yanaendesha mashamba ya dunia.

La kwanza ni mchikichi. Wazee wetu wanajua kuna michikichi yenye kokwa la gamba nene na mingine yenye gamba jembamba. Mwaka 1941 watafiti wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walitoa maelezo: ukioanisha mchikichi wa gamba nene na ule usio na gamba, watoto wote wanakuwa wa gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia leo yamepandwa kwa hesabu hiyo. La pili ni ndizi. Kuna aina inayojulikana kwa wataalamu wa nchi nyingi kwa jina la "Yangambi Km 5", kwa sababu inavumilia ugonjwa wa majani unaoua migomba mingine. Jina ni lile lile la kibao cha barabara.

Tena kuna herbarium yenye mimea iliyokaushwa zaidi ya laki moja, mingi iliokotwa katika misitu kama ya kwetu. Na tangu 2020 kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa ambayo msitu unavuta na kutoa. Msitu wa Kongo unazungumziwa kwenye mikutano mikubwa ya hali ya hewa kila mwaka, na sehemu ya hesabu zake inatoka kwenye mnara huu. Kuna mwanafunzi wa kilimo anayemaliza masomo bila kuuona.

7. NG'AMBO YA PILI: LUBUNGA, YOKO, UBUNDU

Vuka mto mpaka Lubunga, utaona stesheni ya reli. Reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, zamani Ponthierville, ilifunguliwa mwaka 1906 kwa kazi moja tu: kuyapita maporomoko saba kwa nchi kavu. Ni jibu la lile swali la mzigo nililolianza juu. Kilomita 32 kwenye barabara ya huko iko hifadhi ya Yoko, karibu hekta 7,000 za msitu. Mwaka 1951, upande huo wa Ubundu, John Huston alipiga sehemu ya filamu The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Lakini hapa lazima niseme kwa nguvu: tangu 2023 kuna mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, umeua watu na kukimbiza maelfu, na upande wa Lubunga umeguswa sana. Usiende kwa sababu umesoma hapa. Uliza watu wanaoishi kule wiki hiyo hiyo, na kama jibu lina "lakini" ndani yake, baki nyumbani. Mahali pa kutembea pasipo na amani ni mahali pa kusubiri.

NA BAFWASENDE JE?

Toka Kisangani kwa njia ya Ituri, pita uwanja wa ndege wa Bangboka, endelea kilomita 260 hivi. Kwa umbali huo, penye lami ni safari ya asubuhi. Kwetu, barabara ikiwa kavu unafika siku hiyo hiyo umechoka, mvua ikiharibu njia unalala mara mbili porini ukisukuma gari. Kwa hiyo si ya kwenda na kurudi siku moja, na sitadanganya mtu. Lakini siwezi kuandika orodha hii nikaiacha, kwa sababu ukweli ni kwamba sisi ndio shina la safari hizi zote.

Teritware yetu peke yake ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Ndani yake kuna Wabali, Wakumu, Warumbi na wengine. Sehemu ya mbuga ya Maiko, iliyoanzishwa 1970, iko kwetu. Na kuna habari mbili ambazo kila mtoto wetu angepaswa kuzijua.

Ya kwanza ni tausi wa Kongo. Mwaka 1913, pale Avakubi kwenye mto Ituri, Mmarekani kijana James Chapin aliona unyoya kwenye kofia ya mtu wa huko. Hakuutambua. Akauchukua, akauweka. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 akiwa ndani ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akaona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wamebandikwa kuwa ni tausi wachanga wa India. Manyoya yalikuwa yale yale. Ndiyo hivyo dunia ya sayansi ilivyompata Afropavo congensis, jamaa wa tausi wa Asia ambaye hakuna aliyedhani anaishi Afrika. Mwaka uliofuata Chapin alirudi msituni kumtafuta akiwa hai.

Sasa fikiri kidogo. Mtu aliyevaa ile kofia alimjua ndege. Alijua analala mti gani, analia saa ngapi, ananasa vipi. Vitabu vinataja Chapin, wala si makosa, alifanya kazi yake. Lakini jina la mwenye kofia halimo. Hakuna aliyemwuliza, na kwake hakukuwa na mtu wa kuandika.

Ya pili ni Anioto, watu-chui wa Wabali. Mwaka 1913 Mbelgiji Paul Wissaert alichonga sanamu ya mtu aliyevaa ngozi ya chui akimwinamia mtu aliyelala. Ikawekwa Tervuren, ikatisha vizazi vya watoto wa Ubelgiji, ikaingia mpaka kwenye Tintin. Kwa miaka mia, Mbali akitajwa Ulaya, ni sanamu ile. Makumbusho yalipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu ilitolewa kwenye maonyesho ya kawaida, ikawekwa chumba cha pembeni pamoja na nyingine za aina yake. Watafiti wa leo wanaeleza kwamba mauaji yalikuwepo, lakini nyuma yake kulikuwa na siasa ya machifu na ya ukoloni, si "unyama" tu. Na mambela, jando ya Wabali, ni jambo lingine lenye mafundisho yake, ambalo wageni walilichanganya na Anioto kwa hofu. Nani atalieleza vizuri? Mwenye kujua ni mzee wa kijijini. Mwenye kalamu ni wewe unayesoma hapa.

Kuhusu Maiko na vijiji vya mbali, usalama haujatulia: makundi yenye silaha yamekaa msituni huko tangu enzi za Simba, na machimbo ya dhahabu na almasi yanavuta watu wa kila aina. Kwa Bafwasende kati na barabara kuu, uliza kwanza wasafiri waliopita wiki hiyo.

MAMBO MADOGO YA SAFARI

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Beba kitambulisho. Mjulishe chifu au mkuu wa kijiji kabla ya kutoa simu ya picha. Patana bei ya kiongozi mbele ya watu, na ulipe mkononi mwake. Chakula nunua huko huko: lituma, samaki, sombe, hiyo ndiyo faida pekee ambayo mama wa kijiji anaipata kwa ziara yako. Nyama ya wanyama waliokatazwa usinunue, hata ukiambiwa ilikufa yenyewe. Na ukienda kikundi, gawanyeni gharama ya mtumbwi au ya moto, maana bei ya mmoja inaumiza.

OMBI LANGU

Shirika letu lina watu kila komine ya mji na kila sekta ya Bafwasende. Naomba tufanye safari moja kila miezi mitatu, tuanze na Masako na Yakusu kwa sababu ni karibu. Kila safari ichukue wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wapya kutoka nyumbani, kabla mji haujawafundisha kuona haya kwa walikotoka. Na mmoja aandike: jina la mahali kwa lugha ya wenyeji, umbali, nani wa kuuliza, na maneno ya mzee mmoja pamoja na jina lake, akikubali. Karasa moja inatosha. Tukipata ishirini, tutakuwa na kitabu kidogo cha kumpa mgeni, na cha kuacha kwenye shule za Bafwasende.

Nami nitaandika ya kwanza, ya Yakusu. Anayejua vizuri Bomili, pale Nepoko inapokutana na Ituri, na mto unapobadili jina kuwa Aruwimi, tafadhali achukue hiyo. Na jina la mzee aliyemsimulia lisikosekane.